Felicitas Kokulinda na Mkwe Aliyepika Naye

Padri wetu, ndugu, majirani, na ninyi mliovuka maji kuja hapa Buswelu: tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, ni Felicitas Kokulinda, binti Mutayoba, mke wa Machibya Nkwabi. Wengi wenu mmekula chakula chake. Wachache mnajua kilichomla yeye. Yote mawili yatasemwa, kwa kifupi. Linalomhusu Evelina, binti yake, Evelina mwenyewe amekubali lisemwe.

Felicitas alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, Kamachumu, Wilaya ya Muleba, kwa Mzee Venant Mutayoba na mkewe Evelina. Alikuwa wa nne kati ya saba. Kwao kulikuwa na migomba, kahawa, na watu wengi wa kulishwa. Mama yake alipougua miguu, Felicitas ndiye aliyeachiwa jiko, meno ya utoto hayajamtoka yote. Kaka zake wakirudi shambani walimtania, "Bibi Chungu, leo tunakula?" Naye aliwajibu bila kuinua kichwa, "Wanakula walioleta kuni." Waliosahau kuni waligeuza njia. Jina hilo la Bibi Chungu walimwita mpaka siku ya kumuaga alipoolewa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Mwalimu wake alitaka aendelee. Nafasi haikupatikana, naye hakulilia. Alisoma vizuri na alihesabu vizuri zaidi. Mumewe hakwenda shule. Kwa miaka yote ya ndoa Felicitas ndiye aliyemsomea kila karatasi iliyoingia nyumbani, na hakumcheka hata mara moja, hata walipogombana. Hilo si dogo.

Mwaka 1975 alipanda meli Bukoba, akashuka Mwanza asubuhi na begi moja na mkungu wa ndizi. Alisema siku ile aliona mawe kuliko watu, akadhani mlima umeuporomokea mji. Shangazi yake alimpokea Pasiansi. Mwaka uliofuata aliajiriwa jikoni katika shule moja ya bweni. Hapo ndipo alipojifunza kupikia watu mia nne, kazi ambayo si sawa na kupikia watu wanne mara mia.

Jiko la shule lilikuwa la mafiga ya mawe. Aliyeleta mawe ni kijana wa ng'ambo ya Kamanga aliyekuwa akipasua mawe huku Buswelu, jina lake Machibya. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi ya hayo aliyasema na mawe. Siku moja Felicitas alimngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Kijana, mawe yako yanapasuka kama bisi. Jana moja limeruka na maharage."

"Jiwe ni jiwe, dada."

"La kujengea ni la kujengea. Mimi nataka la kukaa na moto. Hujui tofauti?"

"Sijui."

"Basi kajue."

Alikwenda kujua. Aliwasha moto machimboni akayachoma mawe ya kila namna, wenzake wakimwuliza kama yameiva. Yaliyobaki mazima akampelekea. Felicitas aliyagonga kwa mwiko, akasikiliza, akasema, "Haya. Sasa na wewe kaa unywe uji." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Novemba 1980. Miaka minne walikaa bila mtoto. Kila aliyepita njia alimwuliza Felicitas habari za tumbo, naye akarudi nyumbani akiwa amevimba macho. Mwaka 1984 alipatikana Evelina, akapewa jina la bibi yake. Alexander alifuata mwaka 1987, na Revocatus mwaka 1990.

Mwaka 1994 shule ilipunguza watu, naye alikuwa mmoja wao. Hakukaa mwezi. Alinunua masufuria mawili makubwa na miiko, akaanza kupika kwenye shughuli: harusi, kipaimara, misiba. Watu wa Buswelu na Pasiansi walimjua. Ukisikia shughuli, ukauliza nani anapika, ukaambiwa Mama Evelina, ulikwenda na njaa yako.

Kazi hiyo iliilisha nyumba, na ikazichukua Jumamosi zake zote. Alizijua harusi za wengine kuliko sikukuu za nyumbani kwake. Alexander alipopata kipaimara, mama yake alikuwa nyuma ya kanisa anakoroga, akazisikia nyimbo kupitia ukutani. Mumewe alikula kiporo cha pilau kutoka Jumapili hadi Jumanne. Hakulalamika. Mara moja tu alisema, "Mama Evelina, mimi nadhani nilioa harusi za watu." Felicitas alicheka sana. Jumamosi iliyofuata aliondoka alfajiri kama kawaida.

Mwaka 2004 alikuja Josephat. Ni mtoto wa Mzee Ngosha wa kule Kamanga, na wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne, mpakiaji wa samaki mwaloni, mitumbwi inakotia nanga. Aliitwa siku moja tu, kupasua kuni. Mchana wanawake wote walionja mchuzi, wakasema tayari. Josephat akaomba naye, akatingisha kichwa. "Mayu, huu haujakolea," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. Felicitas alionja tena. Kijana alisema kweli. Moshi ulikuwa umeanza kumharibu Felicitas ulimi, na yeye alijua kabla ya wengine. Hakumwacha aende.

Tangu hapo akaweka kanuni. Sufuria halifunikwi mara ya mwisho mpaka limeonjwa na vinywa viwili. Alichota kwa upawa, akapoza, akatia tone kiganjani mwake na tone kiganjani mwa Josephat. Walionja wakitazamana. Macho yakikubaliana, basi. Yasipokubaliana, majirani walipata cha kutazama.

"Mayu, bado."

"Bado nini? Ulimi wako umelala mdomo wazi."

"Wangu umelala, wako umezikwa."

"Haya ongeza, mchawi wewe. Kidogo! Nimesema kidogo, huku si kuwalambisha ng'ombe!"

Miaka minane walipika hivyo. Waliipua masufuria pamoja, mmoja sikio hili mwingine sikio lile, na wageni wakishaondoka walikaa kwenye magogo wakala sahani moja. Waligombana kila wiki na hawakununiana hata siku mbili. Felicitas alikuwa na wanawe wawili wa kiume na aliwapenda, lakini mambo ya kazi aliyazungumza na Josephat. Mumewe alilijua hilo. Halikumsumbua. Yeye naye alikuwa na mawe yake.

Evelina alikuwa akisaidia vyombo. Huko kwenye vyombo ndiko walikopendana, kimya kimya, na mama mtu hakuona kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye moto. Mshenga alipofika mwaka 2012, Felicitas alipiga kigelegele kabla mtu hajamaliza kusema. "Wengine wanaoza kwa kubahatisha," alisema. "Mimi mkwe wangu nimemwona akishiba na nimemwona akikasirika."

Mumewe alimwuliza, "Na upawa?"

"Upawa umefanyaje?"

"Utauonjaje na mkwe wako?"

"Mzee, ukwe ni wa nyumbani. Kazi ni kazi."

Mumewe alichukua nyundo akaenda machimboni. Kunyamaza ni tabia yake.

Kwetu Usukumani mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, na Wahaya nao hawako mbali. Kwenye nyumba ya Mzee Ngosha heshima hiyo ina mipaka yake. Mkwe wa kiume hashikani mkono na mama mkwe. Hali chakula mbele yake, wala mama hali mbele ya kijana. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Hawabishani. Kuna siku moja tu ya kufungua: mtoto wa ndoa ile akishaachishwa ziwa, wazee wa pande mbili hukaa, mbuzi huchinjwa, mama na mkwe wake hula sahani moja mbele ya watu. Baada ya hapo wanaishi kama mama na mwana. Felicitas aliyakubali yote kwa moyo mweupe. Alihesabu kwamba mtoto atakuja haraka.

Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Julai 2012. Alipika mtu mwingine. Ni harusi pekee ambayo Felicitas aliikalia kwenye kiti.

Wiki mbili baadaye walirudi kazini. Josephat alisimama upande wa pili wa turubai. Jirani yetu Bernadeta, ambaye yupo hapa, ndiye aliyebeba upawa kwenda na kurudi.

"Mkwe anasema bado kidogo," Bernadeta alileta jibu.

"Mwambie imekolea."

Bernadeta alikwenda, akarudi. "Anasema, kama mama umesema imekolea, basi imekolea."

"Anasema hivyo?"

"Ndivyo. Na mimi jamani upawa huu kila nikifika umebaki nusu. Mwishowe nitashiba mimi, wageni walale njaa."

Watu walicheka. Felicitas hakucheka. Alimwambia mumewe jioni ile, "Nimeoza binti, nimepoteza mtu wa kunikatalia."

Mwaka 2013 walipika harusi moja Pasiansi, karibu na maji. Felicitas alionja mchuzi, hakuuamini ulimi wake, akatuma kuuliza. Jibu likaja: mkwe anasema ni sawa. Kumbe haikuwa sawa. Josephat alijua chumvi imepungua, lakini angemtumiaje mama mkwe neno la kumsahihisha mbele ya wanawake wote? Alingoja Felicitas aende kwenye wali, akapita upande wa pili, akaongeza chumvi mwenyewe ili kumfichia aibu. Felicitas naye hakuliamini lile "sawa". Alirudi, akaongeza ya kwake.

Wageni wa harusi ile walikunywa maji kuliko bia. Mshereheshaji alichukua kipaza sauti akasema watu wasiwe na wasiwasi, ziwa liko jirani. Watu waliangua kicheko. Mama wa bibi harusi alilia. Felicitas alisimama kando ya sufuria mpaka kiti cha mwisho kikakunjwa, na Josephat akasimama upande wake wa turubai. Kila mmoja alikuwa ameshaelewa mwenzake alichofanya. Zamani wangetukanana mpaka wacheke, na yangeisha kabla sufuria halijasuguliwa. Safari hii hakuna aliyefungua mdomo, maana kusema kungekuwa kugombana. Walikunja turubai kwa adabu. Ile adabu ilimwumiza kuliko kipaza sauti.

Wiki iliyofuata Josephat alimtuma Evelina amwambie mama yake kwamba amepata kazi kwenye mgahawa Kamanga, pale gatini kivuko kinapofunga. Wakahamia huko. Felicitas alitafuta wengine wa kuonja naye. Walikuwa na ndimi nzuri. Lakini kila alichosema walikubali.

Hapo ndipo alipoanza kuuliza. Evelina akivuka kuja kusalimia, kabla hajatua mkoba, mama yake alimtazama tumboni. "Vipi, mwanangu?" "Bado, mama." Safari nyingine tena. "Vipi?" "Bado." Alimtafutia dawa, alimtafutia maombi, alimpa majina ya wanawake waliochelewa wakapata. Yeye mwenyewe aliwahi kuulizwa hivyo, na alilijua swali hilo linapochoma. Aliendelea kuliuliza.

Mwezi wa Desemba 2017 walikuwa uani wakimenya ndizi. Felicitas aliuliza. Evelina aliweka kisu chini.

"Mama, unataka mjukuu, au unamtaka mpishi wako?"

Felicitas aliendelea kumenya.

"Maana naona tumbo langu limekuwa ufunguo wa jiko lako."

"Evelina!"

"Nakuuliza tu, mama. Nijibu nijue nalilia nini."

Alingoja. Jibu halikuja. Alinawa mikono, akamuaga baba yake, akaenda zake kivukoni. Krismasi ile hakuja. Na ya baadaye hakuja. Alimpigia baba yake simu, akauliza afya za wote, akakata.

Felicitas alimwambia mumewe, "Mtoto ameniuliza neno."

"Nilisikia."

"Sina jibu lake."

"Litafute."

Aliendelea kupika. Waliokuwa wakimtazama walisema Mama Evelina sasa amekuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa hana wa kugombana naye. Nyumbani nako mambo yalikuwa hayo hayo, meza moja, watu wawili, na kiti cha binti yao ambacho hakuna aliyekisogeza wala kukikalia.

Mwaka 2022 alianza kukohoa. Hospitali walimpiga picha, wakasema mapafu. Daktari kijana alimwuliza, "Bibi, umevuta sigara miaka mingapi?" Alijibu, "Sigara sijawahi. Nimevuta harusi za watu." Daktari alicheka, kisha akaandika, kisha hakucheka tena. Alipewa dawa, akakatazwa moto. Mwaka 2023 aliyauza masufuria. Siku yalipobebwa alikaa ndani.

Mwezi wa Februari mwaka huu akawa haamki bila kushikwa. Mumewe hakupiga simu. Alivuka Kamanga, akaenda kwenye mgahawa anakopika Josephat, akakaa, akaagiza ugali na samaki. Josephat alitoka jikoni akifuta mikono, akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama hapulizi tena jiko."

Basi. Alikula, akanawa, akapanda kivuko. Siku ya tatu walikuja wote wawili na mizigo yao.

Evelina aliingia chumbani kwa mama yake. Josephat hakuweza kuingia, si chumba cha mkwe. Aliweka mafiga uani, dirisha la mgonjwa likiwa juu yake, akawa anapika supu ya sato na uji, na Evelina anaingiza bakuli. Felicitas alikula kidogo. Alisikiliza zaidi. Alizijua hatua za Josephat, alijua sasa anakoroga, sasa anasukuma ukuni.

Siku moja ya mwezi wa tatu Evelina alikuwa anamlisha. Felicitas aliusukuma mkono wake.

"Uliniuliza neno."

"Mama, acha. Nilikuwa na hasira."

"Uliniuliza vizuri. Nilimtaka mpishi."

Evelina alirudisha kijiko kwenye bakuli.

"Mjukuu ningempenda. Lakini wa Alexander ninao. Mtu wa kuonja naye nilikuwa na mmoja tu. Nikakutuma wewe unirudishie, kwa mwili wako. Nilikuona unaumia, na mimi nilishapita hapo, na bado nikauliza."

"Angalau umesema kweli," Evelina alisema. "Nilijua ukinijibu utasema mjukuu."

"Ungeamini?"

"Hata kidogo."

Wakaanza kucheka. Felicitas alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Evelina akamwinamisha, na bado wanacheka na kulia. Uani Josephat aliuliza, "Kuna nini huko?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Baada ya hapo alimwomba mumewe kitu kimoja. Aende kwa Ngosha, ukwe ufunguliwe. "Nataka nionje naye tena kabla sijaenda. Sina kingine." Mumewe alivuka siku ile ile. Mzee Ngosha alimpokea vizuri, akampa kiti na togwa. Walikaa chini ya mabati, wazee wawili.

"Mjukuu wetu ameachishwa ziwa?" Ngosha aliuliza.

"Hayupo wa kuachishwa."

"Basi tunafungua nini, Machibya?"

"Mke wangu anakufa."

Ngosha aliweka kibuyu chini. "Najua. Naumia. Lakini sikiliza. Nikifungua bila mtoto, nimesema mbele ya wazee kwamba mtoto haji. Mimi neno hilo silitamki juu ya nyumba ya mwanangu."

"Evelina ana miaka arobaini na moja."

"Silitamki."

Machibya hakubishana. Hakuja na maneno mengi. Alimaliza togwa yake kwa heshima, akarudi, akamweleza mke wake yote kama yalivyosemwa. Felicitas aligeukia ukutani. Alikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Kisha akasema, "Ngosha bado anangojea mtoto wao. Mimi nilishawakatia tamaa zamani. Asisumbuliwe tena." Evelina alikuwa mlangoni na alisikia. Alitoka, akaenda kusimama karibu na mumewe kwenye moto.

Felicitas hakuomba tena. Ila kila bakuli likiingia, alikuwa akisema kwa sauti ili uani wasikie, "Haijakolea!" Na kutoka chini ya dirisha Josephat alijibu, "Sawa, mkwe, nitaongeza." Na yeye alifumba macho. Ilikuwa hivyo mwezi wa nne, ikawa hivyo mwezi wa tano. Kila siku alimchokoza, kila siku alipewa heshima. Mumewe alikaa kizingitini akisikiliza pande zote mbili. Kuna kazi ambayo hata mtu aliyepasua mawe maisha yake yote haiwezi, nayo ilikuwa ile.

Jumatano wiki hii, tarehe 11, alikula vijiko viwili vya supu. Sauti ilikuwa imebaki ndogo. Alisema, "Haijakolea."

Uani kulikuwa na Bernadeta na wanawake wengine waliokuja kumwona mgonjwa. Wote walisikia. Josephat alichota kwa upawa, akaonja. Halafu akasema, si kwa sauti ya mkwe:

"Imekolea, Mayu. Nimeonja mwenyewe. Anayebisha aonje tena."

"He!" Bernadeta alishika mdomo. "Mkwe anambishia mama mkwe!"

Ndani, Felicitas alifumbua macho. Waliomwona ni Evelina na baba yake. Uso wote ulibadilika. "Hebu lete," alisema. Evelina akampa kijiko. Alikiweka mdomoni, akakaa nacho, akakishusha polepole kama anavyofanya mpishi.

"Mwambie," alisema, "leo nimeshindwa."

Evelina hakuhitaji kumwambia. Josephat alikuwa amesikia, ameinamia moto, na wanawake wakageukia pembeni ili asiwe na watu wa kumtazama.

Wapo walioona vibaya kwamba mkwe alisema vile. Mume wa marehemu hakuona vibaya.

Felicitas Kokulinda alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, asubuhi, nyumbani kwake, mkono mmoja kwa Evelina na mwingine kwa mumewe. Alikuwa na miaka sitini na minane. Mkono huo mumewe aliushika mpaka ukapoa, na angeendelea kuushika kama watu wasingekuja. Tangu hapo nyumba imejaa watu, naye haoni mtu.

Mzee Ngosha amevuka, yupo, amekaa na wazee, na yanayosomwa anayasikia. Hakuna ugomvi. Alikataa kufungua kwa sababu anaitunza nyumba ya mwanawe, na marehemu alimwelewa. Lakini ukwe ule ulikuwa wa watu wawili, na mmoja ameshaondoka. Kilichobaki ni cha mume wake kusema, naye kwa mara hii moja anasema mbele ya watu, kupitia karatasi hii.

Marehemu ameacha mume, Machibya Nkwabi. Ameacha watoto wanne: Evelina, Josephat, Alexander na Revocatus. Mtu asidhani ni makosa ya kuandika. Mume ndiye aliyeagiza jina la Josephat likae pale, wala hatafuti ruhusa ya mtu. Ameacha wakwe, wake za Alexander na Revocatus. Ameacha wajukuu watano, na yule ambaye Mzee Ngosha bado anamngojea, akija, ni wake pia. Ameacha ndugu wawili Kamachumu, na majirani wa Buswelu na Pasiansi.

Apumzike Felicitas, Mungu amlaze pema. Wa kwake wote wamefika.